YAH: MBAO ZA MNINGA ZILIZOPINDA, NA NILIVYODHALILISHWA YADI KWENU

Ndugu Meneja Mkuu,

Salaam. Masharti yenu ya mauzo mnayajua, mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo siyarudii. Mninga mlioniuzia kama mkavu wa tanuri ulikuwa mbichi. Mbao ya samani za ndani kwa hewa yetu ya Dar inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 12 hivi. Kipimo kilisoma 24. Kabati la mteja wangu lilifunga vizuri siku ninamkabidhi. Mwezi haukuisha, mlango umenyongoka, kona ya juu imechomoza nje kwa unene wa kidole.

Niliuleta mlango huo kwenu. Meneja wa tawi hakuupima wala hakuuangalia. Aliulaza chini, akapanda juu yake na viatu, akasema mbele ya wateja: "Mbona unanyooka? Mchagua jembe si mkulima." Wapakiaji wakacheka.

Na siku ya kupakia niliuliza kwa nini mbao zimelundikwa juu kwa juu bila vijiti, hewa itapita wapi, na turubai juu yake. Nikaambiwa zimeshakauka, nisiwe na wasiwasi. Nyingine zimepasuliwa kiini cha gogo kikiwa humohumo ndani. Mbao ya namna hiyo haitulii hata ukiibana kwa klampu mwaka mzima, na kuipiga randa upya ni kuimaliza unene tu. Mnauza mbao, hili mnalijua kuliko mimi.

Narudia habari ya viatu, kwa sababu naona ofisi yenu inaichukulia kama jambo dogo. Ule mlango nilikuwa nimeupiga msasa na vanishi kwa mkono wangu. Alisimama juu yake kwa miguu yote miwili, kijana ninayemfundisha kazi amesimama pembeni yangu anaangalia, na aliposhuka alama ya soli ilibaki kwenye vanishi. Bado ipo. Sijaifuta na sitaifuta, nimeipiga picha.

Nilipoanza kuandika nilitaka mnibadilishie mbao tu. Sasa hapana. Nataka fedha yangu yote, gharama ya usafiri, na ufundi wa kabati ninalolazimika kulitengeneza upya bure. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi ya huyo meneja, ataje na jina la kijana wangu.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita, risiti ya EFD, picha na mlango wenyewe vitakwenda Tume ya Ushindani, kisha mahakamani chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Na mafundi wenzangu wa Keko wanaonunua kwenu kila wiki nitawaonyesha ile soli, mmoja mmoja.

Wenu,
Fundi seremala, Keko, Dar es Salaam