Rangi ya behewa

Tabora, Jumapili

Ndugu yangu Mrisho,

Mwangaluka! Sisi wazima, na mguu wa mama umepona. Mzee Kapama anakusalimu na anaulizia kofia yake.

Nakuandikia mbio kwa sababu ya behewa. Lile lile tulilokuwa tukijificha chini yake tukisubiri treni ya Kigoma. Limenunuliwa, litakuwa mgahawa, na kazi ya rangi nimepewa mimi. Nilifurahi sana, mpaka nikaambiwa likwanguliwe lote hadi bati, kisha lipigwe buluu.

Alhamisi nilifungua bawaba ya mlango, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Nikapiga msasa wa maji taratibu, duara kama kisahani cha kikombe, kila tabaka nikiliacha lichungulie kidogo. (Wa maji, maana rangi za zamani huwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.) Mrisho, mna rangi nne mle! Kijivu, kijani, krimu, na chini kabisa damu ya mzee iliyokolea. Nilipoilowesha iling'aa. Nikabaki nimeshika kitambaa mpaka adhana ya magharibi.

Hapo ndipo nilipokumbuka picha zako za San Francisco, zile tramu (treni za barabarani) za Market Street zilizopakwa rangi za tramu za miji mingine, za Boston, za Chicago, na kijani na krimu ya hapo hapo. Zilizonikaa moyoni ni zile tramu zilizotoka Milano, Italia, zilizoundwa mwaka 1928: moja njano na nyeupe kama enzi za mwanzo, nyingine kijani cha baadaye, nyingine rangi ya chungwa. Gari la aina moja, nyakati tatu.

Mwenye behewa si mtu mbaya, ila hajaona. Hata akishikilia buluu yake, nitamwomba aniachie kiduara kile cha mlangoni nikipige vanishi. Rangi ikishakwanguliwa hairudi.

Sasa nisaidie. Mafundi wa huko hulinganisha rangi ikiwa imelowa au kavu? Rangi ya mafuta ya kitani ikikaa gizani huingia unjano. Je, krimu yangu niianike juani kwanza? Siku ngapi? Maandishi ya ubavuni huyachora kwa brashi? Unazo picha nyingine za zile za Milano, za karibu? Na wewe unarudi lini? Kofia unayo?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Jumamosi wanaleta mashine ya kukwangulia.

Wako,
Shabani