Barua ya wazi kwa vijana wachora katuni za elimu wanaotaka kuhamia kwenye turubai

Wanangu,

Nasikia wengi wenu mmechoka. Mmechoka kuchora mbu wa malaria, mikono inayonawa kwa sabuni na watoto wanaovuka barabara, huku mteja akirudisha kazi kila wiki na malipo yakichelewa. Mnataka kushika brashi mchore ya moyoni kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea kwa rangi. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ila kabla hamjaipa kisogo kazi iliyowalisha, naomba niwaeleze habari za Mfaransa mmoja, Gustave Doré.

Alizaliwa Strasbourg mwaka 1832. Alipofika miaka 15 tayari alikuwa amechapisha kitabu cha hadithi ya picha mjini Paris. Baba yake akafariki mwaka 1849, na kalamu ya kijana yule ikawa ndiyo tegemeo la nyumba. Mwaka 1854, vita vya Crimea vikiendelea na Ufaransa ikipigana na Urusi, alitoa historia ya Urusi kwa michoro zaidi ya 500. Nia yake ilikuwa kumkejeli adui kuliko kufundisha, lakini ustadi wake mtautambua mara moja. Miaka isiyo na la kusimulia aliiachia fremu tupu, hazina hata mstari ndani. Alipomfikia mfalme Ivan wa Kutisha, akamwaga doa kubwa jekundu kama damu ukurasani. Mwanafunzi hahitaji kuambiwa zaidi.

Vikafuata vitabu vikubwa: Jehanamu ya Dante, mshairi wa Italia wa zamani, mwaka 1861, aliyoigharimia mwenyewe, kisha Biblia mwaka 1866 yenye picha zaidi ya 200. Jina lake likavuma duniani, lakini yeye alitaka kutambuliwa kwa rangi za mafuta. Wahakiki wa Paris wakamkatalia, wakisema turubai zake ni picha za vitabu zilizokuzwa tu. London ilimpokea vizuri zaidi. Huko alikuwa na ukumbi wake New Bond Street, na watu walilipa kiingilio kuziona kazi zake. Picha yake ya Kristo akitoka kuhukumiwa ina kimo cha mita 6 na upana wa mita 9, na aliianza mwaka 1867 akaimaliza 1872. Hata hivyo kidonda cha Paris hakikupona. Alifariki mwaka 1883, na miaka 51 tu.

Mimi naona wahakiki wale walikuwa na nusu ya haki. Doré hakupitia shule ya sanaa. Kwenye vitabu alichora kwa wino juu ya kipande cha ubao, mchongaji akakichonga kwa patasi kiwe muhuri wa kuchapia. Mwanga na kiza alivijua sana, ila rangi ni elimu nyingine. Tena turubai haina fremu inayofuata ya kukusaidia kusimulia. Mtazame alipotoka Uskochi mwaka 1873: akachora milima, mawingu na maji, bila kisa chochote. Hapo ni mchoraji kamili, na nasikitika hakukaa hapo zaidi.

Nusu nyingine waliikosea vibaya, nayo ndiyo inayonifanya niandike. Mwaka 1872 Doré alitoa kitabu kuhusu London, ndani yake mkiwa na picha ya wafungwa wakizunguka uani gerezani Newgate. Mwaka 1890 mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, akiwa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, aliichukua picha ile ya kitabuni akaichora upya kwa rangi. Picha ambayo Paris iliihesabu kuwa kazi ya kitabu tu ilimtosha Van Gogh kuwa mwalimu.

Basi msiache katuni kwa kuzionea aibu. Tengeni asubuhi kadhaa za wiki, tafuteni mtu anayejua rangi awafundishe hata kama ni mdogo kwenu, na muanze na turubai ndogo, mkichora kitu kilicho mbele ya macho. Itundikeni ukutani bila maelezo. Mgeni akilazimika kuuliza inahusu nini ndipo aipende, bado mnachora ukurasa.

Na mkataba ulio mezani sasa, kabla ya kusaini, ulizeni michoro halisi inabaki kwa nani. Mingi ya Doré ilichorwa moja kwa moja ubaoni ikaliwa na patasi. Yenu msiiache ioze kwenye kabati la mteja; idaini irudi nyumbani.

Mzee wenu, mchora vitabu vya shule mstaafu