Shoga, usilale tena na chai ya mkandaa

Shoga yangu wa roho,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima alhamdulilahi, mvua yanyesha tangu Ijumaa na njia ya kuja kwetu imegeuka mto, halafu cha ajabu mifereji ndani imekauka wiki ya pili sasa, twanunua maji ya mkokoteni na nje yanamwagika bure. Mama Zuu akusalimu sana, jana alivuka feri kwenda Likoni kumwona yule mjukuu. Haya salamu zimekwisha, nina neno na nimeona voisi haifai, nikianza kuongea ntalia na wewe utalia na kesho una kazi.

Ile voisi yako ya Jumamosi nimeiskiza mara nne. Ulikuwa wanipa habari za ofisi, foleni ya jioni, baridi ya Nairobi, halafu katikati ukapitisha haraka haraka kama kitu kidogo, ati ni siku ya tatu walala na chai ya mkandaa na mkate vipande viwili. Strungi munaiita huko, chai isiyo na maziwa. Nami nkawa naskiza tu mpaka uliposema kwa sauti ya chini, "na nikipika nampikia nani?" Shoga, nilizima simu nikakaa kitako. Wewe wa kusema hivyo? Wewe ulopika pilau ya harusi ya mdogo wangu na sauti yako yaskika mpaka barabarani ukigombana na wapakuaji?

Mambo ya yule bwana siandiki humu, hayo tutayakalia ukija. Mimi nataka tuongee chakula.

Wakumbuka mama alipofariki, ulikaa na mimi mpaka arubaini. Siku zile masufuria hayakupoa, huyu kaja na wali, yule kaja na mikate ya mofa. Lakini kuna kitu sikuwahi kukwambia. Arubaini ilipokwisha, watu wakarudi makwao na wewe ukarudi kazini, nkabaki mimi na jiko. Kila nlichoshika kilikuwa chake. Mbuzi ya kukunia nazi yake, upawa wake, nikisema nipike mbaazi namskia nyuma yangu, "punguza moto mwanangu, tui litakatika." Wiki mbili nzima nlikuwa nala biskuti kwenye giza la chumbani. Njaa ilikuwepo, mkono ndo ulikataa.

Basi akaja Bakari. Wakati ule bado yuko Malindi kwenye jikoni la wale Wataliano, na wajua Malindi ilivyo, hata vijana wa ufuoni Kitaliano chawatoka kama maji. Akafungua kabati akakuta pakiti ya spageti, thomu, mafuta, chumvi na pilipili kavu zile nyekundu. Akasema vyatosha, akanitoa jikoni nikae. Chakula chenyewe wenyewe wakiita aglio, olio e peperoncino, yaani thomu, mafuta na pilipili, jina ndo orodha yako ya dukani hiyo. Asema watu wa Napoli hukipika usiku wakirudi wamechoka na nyumba haina kitu.

Nkala sahani nzima, nkalala mpaka alfajiri. Na nimefikiri sana tangu siku ile, nkaona kilichonisaidia ni kwamba kile chakula hakikuwa cha mama. Mama tambi zake ni zile za Ramadhani, zakaangwa na samli mpaka zageuka rangi, kisha sukari na iliki na tui. Spageti za chumvi angeziangalia tu akaguna. Kwa hivyo ile sahani haikuwa na mtu ndani yake, waelewa nisemavyo? Na yako itakuwa vivyo hivyo. Yule bwana alikuwa haiti kitu chakula kama hakina wali, hujawahi kumpikia hii hata siku moja. Hii itakuwa yako peke yako.

Sasa skiza, na usiniambie umechoka kwa sababu yachukua muda mdogo kuliko kusubiri lifti yenu ile mbovu.

Wewe mmoja wataka gramu 100 za spageti, kama pakiti yako ni ya 400 basi igawanye mara nne, hiyo robo ndo yako. Maji lita moja hivi, usijaze sufuria kama wapikia matanga, na nitakwambia kwa nini. Yakichemka tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, usiogope, nyingi yake yabaki kwenye maji, hutaila yote. Mafuta usitie kwenye maji hata kidogo! Najua sote tulifundishwa hivyo, lakini mafuta yaelea juu tu na hayasaidii, ukitaka zisishikane koroga dakika ile ya kwanza.

Spageti zikiwa motoni, chukua karai, tia mafuta vijiko vitatu vya meza yakiwa BARIDI na thomu punje nne ulizokata nyembamba, ndo uwashe moto mdogo. Hapa ndo watu huharibu. Mafuta yakiwa ya moto tayari thomu yaungua nje kabla haijatoa harufu, na thomu iloungua ni chungu, hakuna dawa, watupa waanza upya. Wataka iwe rangi ya samli tu. Ikifika hapo vunjia pilipili kavu moja, kisha zima moto. Mafuta ya zeituni ndo yenyewe lakini mimi nilikuwa natumia ya kawaida mwaka mzima na sikufa njaa.

Kabla ya kumwaga maji ya spageti, chota kikombe uweke. Hichi kikombe ndo siri yote, Bakari alinishika mkono siku ile nishaelekea kwenye sinki. Kwenye yale maji umetoka wanga wa ngano, na ule wanga ndo washikanisha mafuta na maji, ukiwasha moto tena ukamwaga kidogo kwenye karai ukatia spageti ukakoroga kwa nguvu lapata rojo zito lashika kila uzi, vile tui zuri lashika mbaazi. Ndo maana nikasema maji yasiwe mengi, wanga utazimuka. Na usizioshe na maji baridi, utauosha wote.

Halafu kuna hili, nimelikumbuka usiku nikashindwa kulala. Mwaka jana ulinambia ulijaribu spageti zikatoka na kiini kibichi ukazitupa, ukasema mkono wako hauna bahati nazo. Shoga, si mkono! Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, huko maji yachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hapa kwetu ufuoni ni 100. Maji yenu hayana moto kama wetu. Pakiti ikikwambia dakika 9 usiamini, ongeza, toa uzi mmoja uung'ate, ukiona kitone cheupe katikati bado. Zitoe zikiwa bado zina ugumu kidogo, zamalizia kuiva kwenye karai na yale maji ya kikombe.

Mimi mwisho nakamulia ndimu na kotmiri juu. Bakari hataki kuona ndimu, asema nimeharibu, lakini mimi ni mtu wa Mombasa, ntakulaje pilipili bila ndimu.

Kaa chini ule. Usile umesimama kwenye sinki, najua tabia yako. Tandika kitambaa, sahani ile yenye maua nilokupa, simu weka mbali.

Nambie, thomu waweza kupata karibu na nyumbani au mpaka uende sokoni? Jiko lile la gesi ulinunua mwishowe au bado watumia la kuazima? Walala saa ngapi siku hizi? Wajua kupunguka kwako nimekuona kwenye picha ile ya harusi ya kina Salma au wadhani sikuona? Mama'ako anajua? Nimtumie mtu wa basi pilipili kavu na ndimu Alhamisi, utaweza kwenda kuzichukua? Na Idi waja au hutoki?

Ukishapika nitumie picha, hata ikiwa imeungua. Mimi simu naiweka macho mpaka saa sita.

Shoga'ko wa Kisauni