Huku kikao kinatangulia, kura inafuata

Minneapolis, 18 Agosti 2024

Somo yangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na ile sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza jikoni huku nakaanga vitumbua. Nimecheka mpaka kimoja kimeungua. Unaniuliza, uchaguzi wenu huko Marekani si Novemba, sasa hizi kura za Agosti ni za nini? Na unauliza, kwa uchungu najua, kama huku nako vikao vya chama vinakata majina ya walioongoza kura za maoni, kama walivyokukata wewe.

Hizi ni kura za maoni, somo, ila anayeziendesha ni serikali ya jimbo, chama hakishiki karatasi wala sanduku. Vyama vikubwa vyote vinapiga siku moja, Jumanne ya pili ya Agosti, na mwaka huu imeangukia tarehe 13. Hakuna wa kukuuliza kadi ya chama, maana hapa Minnesota mtu hajiandikishi kupiga kura kwa jina la chama. Unapewa karatasi moja yenye safu ya kila chama, unachagua safu yako kimyakimya na kubaki humohumo. Ukidonoa huku na huku, mashine inakurudishia karatasi uanze upya.

Sasa hilo la kukatwa. Vikao huku vipo, tena vya kelele kuliko vyenu. Wajumbe wanakaa mkutano mkuu siku nzima na kumpa mmoja baraka za chama. Lakini baraka hizo zinatolewa kabla ya kura, na aliyenyimwa akijiona bado ana nguvu anachukua fomu yake, anakwenda kwa wananchi. Huyu Tim Walz unayemsikia kila siku redioni tangu Kamala Harris amchague kuwa mgombea mwenza, unajua yalimkuta nini mwaka 2018 alipoutaka ugavana? Mkutano wa chama chake ulimbariki Erin Murphy. Walz akaenda kwenye kura za Agosti, akamshinda, na ndiye gavana wetu mpaka leo. Kabla yake, mwaka 2010, wajumbe walimbariki Margaret Anderson Kelliher. Mark Dayton hata baraka hakuziomba. Akashinda kwa tofauti ndogo, akakaa ikulu ya jimbo miaka minane. Wewe uliongoza ndipo ukakatwa. Huku wenzako wananyimwa kwanza, halafu wanaongoza, na hakuna wa kuwagusa.

Usidhani lakini nimekuja kwenye pepo. Wilaya yetu ya uchaguzi, ile ya tano, ni ya Democratic (hapa wanajiita DFL, ukisema Democratic tu watu wanajua wewe mgeni). Mwaka 2020 Biden alipata hapa kama kura nane katika kila kumi. Kwa hiyo Novemba ni kukamilisha hesabu tu. Mbunge anapatikana Agosti, wakati nusu ya mji wako maziwani wanavua samaki. Ndiyo maana mbunge wetu Ilhan Omar kila baada ya miaka miwili anahema mwezi huu. Unamkumbuka? Yule Msomali aliyekaa utoto wake kambini Utange, pale Mombasa, miaka minne. Alianzia bunge la jimbo, mwaka 2016, kwa kumng'oa Phyllis Kahn aliyekuwa humo tangu 1973, na alimng'oa Agosti, kwenye hizihizi za maoni. Miaka miwili baadaye Keith Ellison akaachia kiti cha Congress, bunge la taifa, kwenda kugombea uanasheria mkuu wa jimbo, bibie akaingia.

Mwaka 2022 nusura aondoke. Don Samuels, mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa diwani hapa mjini, alipungukiwa kura zisizofika 2,500. Watu hao ukiwaingiza uwanja wa Mkwakwani, viti vinabaki. Safari hii Samuels amerudi, na watu walikuwa na hofu, kwa sababu Juni wamempoteza mbunge mwenzake Omar, Jamaal Bowman, kule New York na wiki moja kabla yetu mwingine, Cori Bush, kaanguka Missouri, wote kwa kampeni zilizomwagiwa mamilioni ya dola. Huku Omar amepita, asilimia 56 kwa 43.

Mimi siku hiyo nilikuwa na kazi ya ziada. Jirani yangu, mama Mkongo wa Uvira, ameapishwa uraia mwaka huu na amehamia jengo letu juzijuzi. Hana bili wala leseni yenye anwani mpya. Sheria ya hapa inakuruhusu kujiandikisha siku ileile ya kura, na jirani wa kituo kilekile anaweza kuapa kwamba anakujua unakaa pale. Mtu mmoja anaweza kuwaapia mpaka wanane. Basi nikasimama naye mezani, nikatia saini mbele ya karani. Hakuna cheti cha balozi wa nyumba kumi, hakuna njoo kesho. Akapewa karatasi yake, akaitazama safu ya Democratic kutoka juu mpaka chini, akanigeukia: "Sasa hawa bote beko chama moja, banapigana juu ya nini?" Karani hakuelewa neno, lakini alitutolea jicho, nikanyamaza kwa adabu. Tulipotoka na vibandiko vyetu vyekundu kifuani nikamweleza kwamba wanagombana kwa sababu ni chama kimoja. Wangekuwa viwili pasingekuwa na ugomvi hapa.

Kinachoniudhi ni vijana wa jengo letu. Novemba watapanga foleni na kupiga picha, Agosti ukiwagongea mlango wanasema "bado, mama, bado." Wakongwe wa mtaa wenye bustani na mbwa hawakosi hata mara moja, na ndio wanaotuchagulia. Khanga wala ubwabwa hamna wa kuwavuta, ni makaratasi tu yanajaa sanduku la posta.

Sasa nijibu wewe. Mwakani fomu unachukua au bado umenuna? Kama unachukua niambie kabla ya Ramadhani, nianze kudunduliza, na usinitajie tena habari ya fulana. Na yule mjumbe aliyekupigia simu usiku ule kukupa pole, bado yumo kwenye kamati?

Msalimie mama, mwambie dawa ya miguu nimeshampa mtu anayekuja mwezi ujao.

Wako,
Somo