Wanasema shida si ya programu, ni ya mama wa VICOBA

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri wako na wa wasomaji waliowahi kushiriki kwenye programu huria, hasa walioingia huko bila kujua kuandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu. Mimi niko Morogoro, na kwa miaka sita sasa nafundisha waweka hazina wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, kutunza hesabu kwenye kompyuta. Programu tunayotumia ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na inatengenezwa na watu wachache wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali. Jina lake sitalitaja kwa sababu nawaheshimu. Bila wao vikundi vyangu vingekuwa bado kwenye kaunta buku zinazolowa kila masika.

Mwaka jana nilikaa pembeni ya mweka hazina mmoja, mama anayeuza samaki sokoni, akiingiza marejesho ya wanachama kumi na tisa. Ilimchukua saa nzima. Alipomaliza akabonyeza alama ya kufunga, kikatokea kisanduku kinachouliza: “Hutahifadhi mabadiliko?” Chini yake vitufe viwili, “Ndiyo” na “Hapana”. Kidole kikasita. Akanitazama, nami nilikuwa nimejiwekea sharti la kutomsaidia, maana siku hiyo nilikuwa nachunguza, sifundishi. Akasema taratibu, “Ndiyo, nahifadhi,” akabonyeza Ndiyo. Kazi yote ikapotea.

Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili hahitaji kuelezwa kilichotokea. Ukimuuliza mwenzako “Hujala?” akakujibu “Ndiyo”, inabidi umuulize tena: ndiyo umekula, au ndiyo hujala? Kompyuta haiulizi tena.

Jioni ile tulikusanya vitabu vya wanachama tukaanza upya, na wawili wakabishia kiasi walicholipa. Yule mama alinyamaza muda wote. Kwenye kikundi, mweka hazina akisema hesabu imepotea, hakuna anayefikiria kisanduku cha kompyuta. Wanafikiria pochi yake.

Nikaona nisiishie kulalamika. Nikawapa waweka hazina watano kazi ileile, mmoja mmoja, nikiandika kila walipokwama. Nilichagua watano kwa sababu Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo ya programu. Watatu kati yao walipoteza kazi palepale. Nikaandika ripoti ya kurasa 14 yenye matatizo 23 na picha za skrini, nikaitafsiri kwa Kiingereza usiku baada ya watoto kulala, nikaituma.

Jibu lilikuwa mistari miwili: kwa Kiingereza kisanduku hakina shida, hilo ni suala la tafsiri. Ripoti ikafungwa, na yale matatizo mengine 22 yakafungwa nayo. Watafsiri, Mungu awabariki, walibadilisha swali siku hiyohiyo likawa “Ufunge bila kuhifadhi?” Nikajaribu tena kwa watu wawili. Mmoja alisoma neno la mwisho tu, “kuhifadhi”, akabonyeza Ndiyo. Dawa ni vitufe vyenyewe vitaje kitendo: “Hifadhi”, “Usihifadhi”, “Rudi”. Hapo watafsiri hawana uwezo, kwa kuwa “Ndiyo” na “Hapana” ni maneno yanayotumika kwenye visanduku vyote vya programu ile. Ukiyageuza hapa, umeyageuza kila mahali. Tangu Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ilipotolewa Dar es Salaam mwaka 2004 tumezoea kuona tafsiri ndiyo mchango wetu, nami nilikuwa hivyohivyo. Sasa naona kuna mambo ambayo tafsiri haiyafikii.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta akaniandikia msimbo wa vitufe vitatu. Tukaambiwa turekebishe mpangilio wake, tukarekebisha. Tukaambiwa tuongeze majaribio ya msimbo, tukaongeza. Kisha mmoja wa wakongwe wa mradi akasema watumiaji wa zamani wamezoea kubonyeza herufi Y (ya “Yes”) kujibu kisanduku kile, kwa hiyo tutawavuruga. Akaongeza kwamba watu watano ni wachache, tena ni wageni wa kompyuta, watajifunza. Kama hatukubali, tunaruhusiwa kuchukua msimbo na kutengeneza programu yetu. Ni miezi mitano sasa, hakuna aliyegusa tena.

Hilo neno “watajifunza” liliniuma. Ni kweli watajifunza, lakini wanajifunzia kwenye fedha za watu.

Hata hivyo, upande wao nauelewa. Mabadiliko yakiharibu kitu, wao ndio watakaoamka usiku kurekebisha, mimi sitakuwepo. Hata sanduku la VICOBA lina kufuli tatu, na hatumkabidhi mgeni ufunguo wiki ya kwanza. Anakaa kwanza, ananunua hisa, tunamzoea. Mimi nilifika na kurasa 14 kabla hata sijawasalimu. Hilo kosa nalikubali.

Mpwa wangu ananitia moyo kwa mifano. Programu ya Blender, ambayo ni huria na ya kuchora picha za 3D, kwa miaka mingi ilichagua vitu kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Toleo la 2.80 la mwaka 2019 likahamia kushoto, na wazee wakaachiwa mpangilio wa kubaki na kulia kwao. Mradi wa GNOME, unaotengeneza sura ya skrini ya kompyuta za Linux, nao ulifanyiwa majaribio na watumiaji mwaka 2001, mwaka uliofuata ukatoa mwongozo wake wa kuunda sura ya programu. Lakini majaribio yale yalifanywa na Sun Microsystems, kampuni iliyokuwa na wafanyakazi wake ndani ya mradi. Mimi niko nje, sina hata mtu mmoja ndani.

Sasa nisaidieni. Je, niyaache yale 22 na kushikilia hili moja mpaka lipite? Mpwa wangu anataka tuwaachie wakongwe herufi Y kama mpangilio wa hiari, na vitufe vipya viwe vya kawaida kwa kila anayeanza. Naogopa watakubali kinyume chake, vitufe vipya vifichwe ndani ya mipangilio ambayo mama yangu wa samaki hataifungua maisha yake yote. Kutengeneza programu yetu sitaki: mpwa akimaliza chuo ataitunza nani?

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Nina video ya siku ile, inaonyesha mkono wake na skrini tu, na alikubali nimrekodi. Naamini wakongwe wakisikia ile “Ndiyo, nahifadhi” wataelewa kuliko kurasa zangu zote. Lakini alikubali kwa ajili yangu. Hakukubali watu asiowajua waitazame na kusema kwamba hajui kompyuta. Niende nikamwombe upya, au niiache kabisa?

Kikao kijacho cha kikundi chake ni Jumamosi. Kwa sasa nimebandika karatasi juu ya skrini: “Kabla ya kufunga, bonyeza kwanza ile alama ya diski.” Waweka hazina wanaiita redio, kwa hiyo nimeichora.

Mwalimu wa waweka hazina,
Morogoro