Kabla ya kuongeza dozi ya insulini, kagueni ngozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nifikishe ombi kwa madaktari na wauguzi wanaohudumia wagonjwa wa kisukari. Mgonjwa anayetumia insulini akija kwenu sukari yake imepanda, kabla hamjamwandikia dozi kubwa zaidi, mwambieni afunue tumbo na mapaja muone mahali anapojidunga. Pashikeni kwa vidole. Ni kazi ya dakika chache, na kwa muda mrefu mama yangu hakufanyiwa.

Mama ana kisukari aina ya pili. Alianza na vidonge, miaka ikaenda, vidonge vikawa havifui dafu, akaanzishiwa insulini. Baadhi ya waliokuja kumjulia hali walitikisa vichwa, kana kwamba akishafika kwenye sindano safari imekwisha. Maneno hayo yalimwumiza kuliko sindano yenyewe, na hayana ukweli. Katika aina ya pili mwili huiitikia insulini kwa shida, na kongosho, baada ya kujitutumua kwa miaka mingi, huishiwa nguvu za kuitengeneza ya kutosha. Mgonjwa anaongezewa kitu ambacho mwili wake ulikuwa ukikitengeneza tangu azaliwe. Haimezwi kwa sababu ni protini, na tumbo lingeisaga kabla haijafika kwenye damu. Kwa mwenye aina ya kwanza, huo mjadala haupo kabisa, maana bila insulini haishi. Hadi Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa insulini mjini Toronto, Kanada, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo, wazazi wa watoto wa aina hiyo hawakuwa na tiba ya kuwaponya na kifo. Inasikitisha kuona dawa hii bado inapokelewa kwa vilio.

Nirudi kwenye ngozi. Mama alikuwa akijidunga mwenyewe, asubuhi na jioni, upande wa kulia wa kitovu. Alipapenda pale kwa sababu hapakumuuma. Hakuna aliyemwambia kwamba pale pasipouma ndipo pa kutiliwa shaka. Insulini ikidungwa sehemu moja mara kwa mara, mafuta ya chini ya ngozi huvimba na kukaza, na mahali hapo hupungua hisia. Mgonjwa hapati maumivu, kwa hiyo anarudi palepale kesho na keshokutwa, na uvimbe unazidi kukua. Insulini inayoingia humo haisambai inavyotakiwa. Leo inachelewa, kesho inaingia nusu, siku nyingine inamiminika kwenye damu kwa ghafla.

Daftari la mama lilionyesha hivyohivyo. Asubuhi mashine ya kupima sukari inasoma 16 (kwa kipimo cha mmol/L), jioni 5, kesho yake 18, halafu usiku sukari inashuka, anaamka anatetemeka, nguo zimelowa jasho. Kliniki tuliyokuwa tukihudhuria wakati huo walilitazama daftari, wakaongeza dozi. Tuliporudi, wakaongeza tena. Siku moja aliulizwa mbele ya wagonjwa wengine kama anakula vitu vitamu kwa kificho. Mama ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na masharti ya chakula alikuwa akiyafuata kuliko mtu yeyote nyumbani. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika aliniambia, "Mwanangu, wananiona mwongo."

Aliyetusaidia ni muuguzi wa kituo kingine. Hakuanza na daftari. Alimuuliza, "Mama, hebu nionyeshe unadunga wapi." Mama akaonyesha bila kusita. Muuguzi akapapasa taratibu, kisha akauchukua mkono wangu akauweka palepale. Kwa macho huoni kitu cha ajabu, ila chini ya vidole kulikuwa na bonge lenye ukingo, linalonesanesa kama mpira. Akanifundisha kufinya ngozi ya pembeni, ikakunjika vizuri, kisha kufinya ya pale, ikagoma kukunjika.

Halafu akatoa onyo ambalo nataka kila msomaji mwenye mgonjwa alishike: msihamishe sindano na dozi ileile. Dozi ya mama ilikuwa imepandishwa ili kushindana na uvimbe. Ukiipeleka yote kwenye ngozi nzima, itaingia yote, na sukari inaweza kushuka hadi mtu azimie. Alimwita daktari, dozi ikapunguzwa, tukaambiwa tupime mara nyingi zaidi mwanzoni, ukiwamo usiku. Uvimbe wenyewe tuliambiwa hulainika taratibu, huchukua miezi, na kwa muda wote huo hauguswi kwa sindano.

Sasa ninamdunga mimi, kwa kuwa macho yake hayasomi tena mistari ya bomba la sindano. Tumegawa tumbo robo nne, wiki hii robo hii, wiki ijayo ile, na mapaja nayo yana zamu. Kila sindano inakaa upana wa kidole kutoka ilipoingia ya jana, na kitovu tunakiacha mbali, kiasi cha vidole vitatu. Sindano ni mpya kila mara, kwa kuwa iliyotumika huwa butu na nayo huchangia kuharibu ngozi. Insulini yake ni ile yenye ukungu, kwa hiyo naiviringisha kichupa viganjani hadi ichanganyike, siitikisi kwa nguvu. Kabla ya kuvuta nasoma lebo: kama kichupa kina yuniti 100 (yuniti ndiyo kipimo cha insulini) kwa mililita, bomba nalo liwe limeandikwa 100. Vipo vichupa na mabomba ya 40, na ukivichanganya, mgonjwa atapata zaidi au pungufu ya alichoandikiwa huku mistari ikikuonyesha umepatia. Wanaotumia kalamu ya insulini, kifaa cha kudungia chenye umbo la kalamu, wana utaratibu wao: watoe kwanza yuniti mbili hewani waone tone, na wakishadunga wahesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa. Kalamu haiazimwi hata kwa ndugu, hata kama sindano imebadilishwa.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinakaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Kikiganda kitupwe, hata kama kimeyeyuka na kinaonekana salama. Kinachotumika kinaweza kukaa nje mahali pasipo na joto kali, kwa kawaida wiki nne hivi, ila karatasi ya dawa husika ndiyo ya kufuatwa.

Kuhusu sukari kushuka, familia nzima ijue, watoto wakiwamo. Mashine ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, mgonjwa yuko macho na anameza vizuri, apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vidogo vitatu hadi vinne vilivyokorogwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini arudiwe. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Haya yote niliyajua kwa sababu mtu mmoja alikaa nasi, akatutazama tukivuta dawa, akatusahihisha mkono. Naomba liwe jambo la kawaida kila kliniki: mgonjwa ajidunge mbele ya muuguzi siku anapoanzishiwa, na asiishie hapo, kwa kuwa mikono husahau na macho hupungua nguvu. Na wewe unayejidunga, jipapase leo pale unapopenda kudunga. Ukikuta bonge, wasiliana na kliniki yako mapema wakupangie dozi ya mahali papya, usisubiri tarehe ya kadi kama iko mbali.

Mtoto anayemuuguza mama yake,
Msomaji wenu