Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kuitambua Metali kwa Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu na wazazi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Hatutakuchosha kwa historia ya klabu wala majina ya viongozi wake. Tunaomba tukueleze jambo moja lililoko kwenye meza iliyo mbele yako: namna ya kuitambua metali kwa kuizamisha majini.

Kila metali ina densiti yake, yaani gramu zilizomo katika sentimita moja ya ujazo. Alumini ni 2.7, zinki 7.1, chuma 7.9, shaba 9.0, risasi 11.3, dhahabu 19.3. Unapima tungamo kwa mizani, unatumbukiza kipande kwenye silinda ya maji na kuona maji yamepanda kiasi gani, kisha unagawanya. Kwenye daftari kazi inaishia hapo. Mezani ndipo ubishi unapoanza.

Chukua boliti ya chuma yenye gramu 79. Inapandisha maji kwa mililita 10, na densiti inatoka 7.9. Sasa silinda yetu ina alama kila baada ya mililita moja. Anayesoma 11 atapata 7.2, na chuma kimeshakuwa zinki. Anayesoma 9 atapata 8.8, akaapa kwamba ameshika shaba. Mizani haina kosa lolote hapo. Vurugu yote imeletwa na alama moja ya silinda.

Na alama hiyo hupotea kirahisi mno. Maji hubonyea katikati na kupanda kidogo pembeni mwa kioo, hivyo jicho lisiposhuka likawa sawa na chini ya bonyeo, usomaji umeharibika. Viputo vya hewa hujificha kwenye meno ya boliti, vikaongeza ujazo na kushusha densiti. Kipande kikiachiwa kwa kishindo, matone huruka na kuganda juu ya kioo, na hapo densiti hupanda. Ndiyo maana utatuona tukikishusha kwa uzi, taratibu, huku tukigonga silinda kwa kidole.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hata kisa maarufu cha Archimedes, mwanasayansi wa Ugiriki ya kale, kina tatizo hilohilo. Husimuliwa kwamba kwa maji yaliyomwagika alitambua kuwa taji la Mfalme Hiero wa mji wa Sirakusa halikuwa dhahabu tupu. Tuseme taji lilikuwa la kilo moja, na sonara akaweka fedha badala ya dhahabu kwa asilimia 30. Ujazo ungezidi kwa sentimita za ujazo 13 hivi. Katika chombo chenye upana wa sentimita 20, maji yangepanda zaidi kwa milimita 0.4 tu. Nani angeiona? Galileo, mwanasayansi wa Italia, naye hakuridhika na masimulizi ya maji kumwagika. Mwaka 1586, akiwa na miaka 22, aliandika kijitabu kifupi akieleza mizani ya kupimia kitu kikiwa ndani ya maji.

Njia tunayoipenda sisi ni ndugu wa hiyo. Weka bika, yaani chombo cha kioo cha maabara, lenye maji juu ya mizani ya kidijitali, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kipande kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Maji yanakisukuma kipande juu, nacho kinayasukuma maji chini kwa nguvu ileile. Gramu zitakazoonekana ni za maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, boliti yetu itatoka kati ya 7.8 na 8.0. Zinki haimo tena kwenye mjadala.

Maji yana mipaka, hatukatai. Tungsteni, metali nyingine nzito, ina densiti ya 19.25, hivyo inaweza kujifanya dhahabu mbele ya mizani nyingi. Sodiamu na potasiamu hatuzizamishi kabisa, kwa kuwa hupambana na maji vibaya.

Mizani yetu ya sasa husoma gramu nzima tu. Ombi letu ni mizani moja ya kidijitali inayosoma gramu 0.1 na kubeba angalau kilo moja, pamoja na silinda chache nyembamba, maana katika silinda nyembamba mililita moja hupanda juu zaidi na kusomeka vizuri.

Baada ya risala hii tunakukaribisha mezani uzamishe kwa mkono wako kipande chenye alama C. Jibu liko chini ya bakuli, na wanachama wenyewe bado wanabishana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.